Kuogelea hakutakutoa kwenye barafu: jibu kwa Baba Neema wa Minnesota

*Shikamoo mzee. Mimi ni mzaliwa wa Kigoma, huu ni mwaka wangu wa pili Minnesota, nipo karibu na St. Cloud, nafanya kazi kiwanda cha kuku. Kuna Mzungu mmoja tuko naye shifti moja, amenialika Jumamosi ya kwanza ya Desemba tukavue samaki juu ya ziwa lililoganda. Anasema nije na watoto, wana miaka 9 na 5, na kwamba pikapu yake inaingia mpaka katikati ya ziwa. Mama Neema amekataa katakata. Mimi nimekulia ufukweni, naogelea tangu sijaanza shule, sioni cha kuogopa. Barafu inatakiwa iwe na unene gani? Na ikilia, tukimbie? Nisaidie tuelewane hapa nyumbani. Baba Neema.*

Marahaba, Baba Neema.

Nikupe jibu fupi kwanza ili nyumba ipate amani leo leo. Mama Neema amekaribia ukweli kukushinda wewe. Jumamosi hiyo watoto wabaki nyumbani na gari libaki nchi kavu. Wewe unaweza kwenda, kwa masharti. Na hilo la kuogelea liweke pembeni kabisa, maana naona ndilo linalokupa jeuri.

Mimi nami ni mtoto wa ziwa. Nimekulia Ukerewe, nimevuta kokoro, nimekesha majini na karabai za dagaa. Nilipofika huku nikaona watu wazima wamekalia ndoo katikati ya ziwa jeupe, nilimuuliza mwenyeji wangu kama wale ni wazima. Leo ni mwaka wa 19 navua barafuni, na miaka 8 ya karibuni kila Novemba nakaa na wageni wetu, Wakongo, Wakenya, Warundi, Watanzania, kwenye ukumbi wa kanisa, nawafundisha haya ninayokuandikia. Niliwahi pia kutumbukia. Nitafika huko.

Barafu tuliyoijua nyumbani ni ile ya mfuko wa nailoni inayouzwa dirishani, imeganda yote, ngumu kote. Ya ziwa haiko hivyo. Maji huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4 za Selsiasi. Baridi inapoanza, maji ya juu yakipoa mpaka hapo yanazama na ya chini yanapanda, mpaka ziwa zima lilingane. Kutoka hapo maji ya juu yakizidi kupoa yanakuwa mepesi, yanabaki juu, na yakifika sifuri yanashika. Kwa hiyo unachokanyaga ni kifuniko cha sufuria tu. Chini yake ziwa liko vilevile, na samaki wanaendelea na shughuli zao.

Kifuniko hicho hakiwi na unene mmoja. Ghuba yenye kina kifupi inashika mapema, penye kina kirefu panachelewa. Penye chemchemi, mdomo wa mto, shingo nyembamba kati ya kisiwa na kisiwa, chini ya daraja, maji yanatembea na barafu inabaki utando. Wenye nyumba za ufukweni nao huweka mashine za kutoa mapovu ili barafu isiziminye gati zao, na hapo unaweza kukuta maji wazi katikati ya Januari. Theluji nayo inadanganya. Ni blanketi: ikitangulia kulala juu ya barafu changa inaizuia baridi isishuke, kwa hiyo penye theluji nyingi nzuri ya kupigia picha ndipo barafu inapokuwa nyembamba. Unaweza kupima inchi 6 hapa, ukapiga hatua 20 ukakuta 2.

Sasa unene. Idara ya Maliasili ya jimbo, hiyo wanayoiita DNR, inatoa vipimo hivi kwa barafu mpya, angavu: mtu kwa miguu inchi 4, pikipiki ya theluji inchi 5 hadi 7, gari dogo inchi 9 hadi 10, pikapu ya wastani inchi 13, na pikapu kubwa za kazi nzito inchi 16 na kuendelea. Inchi 4 ni kama sentimita 10, upana wa kiganja chako pamoja na dole gumba. Hao hao DNR husema hakuna barafu iliyo salama kwa asilimia 100, na mimi siwabishii. Pikapu ya rafiki yako wiki ya kwanza ya Desemba, kwa maziwa ya huko kwenu, ni ndoto za mchana. Baridi ya 2023 kuingia 2024 ilikuwa na joto kuliko zote zilizowahi kurekodiwa Minnesota. Kuna maziwa ambayo mwisho wa Desemba mtu hakuweza kuyakanyaga. Kalenda haigandishi maji.

Zingatia hayo maneno "mpya, angavu". Barafu nzuri ukitoboa unaiona kama kioo cha chupa, ina weusi au ubuluu kidogo. Ile nyeupe, iliyotokana na theluji kulowa na kuganda tena, ina nguvu nusu. Mara nyingi tundu litakuonyesha tabaka mbili, nyeupe juu, angavu chini. Mimi huhesabu hivi: angavu naichukua yote, nyeupe naigawa kwa mbili. Nikikuta angavu inchi 3 na nyeupe inchi 2, nimepata 4, naweza kukaa lakini sialiki mtu. Ya kijivu ina maji ndani yake. Hiyo siipimi, nageuka. Na barafu ya Machi, hata ikiwa na inchi 12, imekwisha kuoza: jua limeichana wimawima ikawa kama mishumaa iliyosimamishwa pamoja, ukiikanyaga inaachana.

Kipimo chenyewe kinafanywa na mtaimbo, chuma cha kilo nne au tano chenye ncha bapa kama patasi. Duka lolote la chambo wanauza. Unaanzia ukingoni, hata kabla mguu wa pili haujaacha ardhi. Unapiga mbele yako, kwa nguvu, mara mbili mahali pamoja. Barafu nzuri inajibu kwa mlio mkavu, ko!, na vipande vinaruka kama chumvi ya mawe. Mbovu inajibu kwa sauti ya tope, mtaimbo unazama, na ukiuchomoa maji meusi yanapanda taratibu kwenye tundu. Ukiyaona hayo umepata jibu. Rudi ulikotoka kwa kuburuta nyayo bila kuzinyanyua, kama mtu anayetafuta shilingi gizani kwa miguu. Ikikubali, songa hatua mbili, piga tena. Kila baada ya hatua 50 au 60 toboa kwa keekee, ingiza kipimo chenye ndoano, kikwamishe chini ya barafu, usome. Ndiyo, inachosha. Mara yangu ya kwanza nilitumia dakika 40 kwenda umbali ambao mtu angetembea kwa dakika 5, na wenzangu wakanicheka. Niliwaacha wacheke.

Utajaribiwa kufuata nyayo za waliotangulia. Ukizifuata, unachojua ni kwamba jana kulikuwa na mtu hapo. Hujui uzito wake, hujui jua la mchana limefanya nini tangu apite, na nimewahi kuona nyayo nzuri zilizonyooka zikaishia kwenye shimo. Mwenye duka la chambo muulize. Anaongea na wavuvi kutwa nzima na anajua ghuba ipi imeshika. Kisha ukapime mwenyewe.

Kuna na upepo, jambo ambalo wewe wa Tanganyika utalielewa upesi. Novemba 28, 2022, kwenye ziwa Upper Red Lake kaskazini mwa jimbo, upepo ulimega kipande kikubwa cha barafu na kukisukuma mbali na ufuko, wavuvi karibu 200 wakiwa juu yake.   Wote waliokolewa. Mwaka uliofuata, Desemba 29, kwenye ziwa hilo hilo, waliokolewa wengine zaidi ya 100, na kabla waokoaji hawajafika watu wanne waliingia majini wakati wa jaribio la kuwatoa kwa mtumbwi. Barafu ile chini ya miguu yao huenda ilikuwa nene ya kutosha. Tatizo ni kwamba haikuwa imeshikamana na nchi. Kwenye ziwa kubwa mapema Desemba, upepo ukitoka nyuma yako kuelekea katikati ya ziwa na kuna ufa ulioanza kuonyesha maji, kusanya vitu.

Nije kwenye kuogelea.

Ilikuwa Machi, saa 9 alasiri, jua zuri. Tulikuwa tunarudi, nimechoka, mtaimbo nimeuweka kwenye beseni la kuburuta badala ya mkononi, na nikakata kona karibu na mdomo wa kijito ili nifupishe njia. Hakukuwa na mlio wa onyo. Nilikuwa nimesimama, kisha maji yakawa kifuani. Kilichonishangaza ni kwamba sikuhisi baridi. Nilihisi kama mtu amenishika kifua kwa mikono miwili anakikamua. Nilikuwa navuta hewa haitoki, nasikia sauti ya ajabu, huu! huu! huu!, na ilichukua muda kujua kuwa ni mimi. Nikaweka viganja juu ya barafu nikajisukuma kama unavyojinyanyua gatini. Ukingo ukavunjika. Nikasukuma tena, ukavunjika tena. Mwenzangu anasema nilikaa mle dakika 3. Mimi ningeapa ni nusu saa.

Maji ya Tanganyika juu juu yana nyuzi 25 hivi; unapiga mbizi unatoka unacheka. Haya ya chini ya barafu yamekaa jirani na sifuri. Ngozi ikiguswa nayo ghafla, mapafu yanavuta pumzi moja kubwa bila kukuomba ruhusa. Kama wakati huo kichwa kiko chini ya maji, umevuta maji, na mashindano yako yote ya kuogelea yameishia hapo. Profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Manitoba kule Kanada, Gordon Giesbrecht, ambaye amejitumbukiza kwenye maji ya barafu mara nyingi kwa ajili ya utafiti, anafundisha kanuni ya 1, 10, 1. Dakika 1 ya kwanza ni ya kutuliza pumzi, usijaribu lingine. Dakika 10 zinazofuata mikono na miguu bado inakutii, hizo ndizo za kutoka. Baada ya hapo vidole vinakuwa kama vya mtu mwingine, hata kamba ukirushiwa huwezi kuishika. Lakini una kama saa 1 kabla baridi haijakupotezea fahamu. Wengi hudhani baridi inaua kwa dakika mbili, wanahangaika, wanamaliza nguvu. Una muda kuliko unavyofikiri, ila mikono ina muda mfupi kuliko unavyofikiri.

Kwa hiyo ukitumbukia, hema kwanza. Shikilia ukingo, subiri kifua kilegee. Kisha geukia ulikotoka, kwa sababu ile barafu ilikubeba sekunde chache zilizopita. Ya mbele huijui. Nguo usivue: koti na suruali nzito zimebeba hewa, zitakusaidia kuelea kwa dakika hizo za mwanzo. Weka mikono juu ya barafu, halafu piga mateke kwa nyuma mpaka mwili ulale juujuu kama unaogelea kwa tumbo, ndipo ujivute mbele, usijinyanyue juu. Hilo ndilo kosa langu, nilikuwa najinyanyua, uzito wote kwenye ukingo mwembamba. Ukitoka usisimame. Jiviringishe kama gogo, mita kadhaa, kisha tambaa, mpaka uwe umerudi kwenye barafu uliyoipima. Na ikishindikana kabisa, laza mikono yote juu ya barafu utulie, uache mikono ya koti igande hapo. Fahamu zikipotea, koti litakushikilia mpaka watu wafike. Giesbrecht ndiye anayefundisha hilo pia, na najua linatisha kulisoma.

Barafu iliyolowa haishikiki kwa viganja. Ni sawa na kushika sabuni. Kilichonitoa mimi ni kucha. Ndivyo tunavyoziita: vipini viwili vidogo vyenye misumari, vimeunganishwa kwa kamba, vinavaliwa shingoni. Dukani ni dola chache, na ukitaka utatengeneza kwa vipande viwili vya mpini wa ufagio na misumari miwili, ncha zikifunikwa zisikuchome. Asubuhi ile mke wangu alinivika kwa lazima nikiwa nanung'unika kuwa nafanana na mtoto wa chekechea. Zivae nje ya koti. Zilizo ndani ya begi ni mapambo.

Na jaketi la kuokolea maisha, lile la boti, livae juu ya yote. Litakuweka kichwa juu wakati ile pumzi ya kwanza inapokuja, na dakika ile ndiyo inayoua. Isipokuwa ndani ya gari. Gari likizama, jaketi litakubana darini.

Ukiona mwenzako ametumbukia, usimkimbilie. Barafu iliyomshinda yeye inakusubiri wewe. Piga 911, mpigie kelele apige mateke, na umtupie chochote kirefu: kamba yenye kitanzi, tawi, ngazi, hata nyaya za kuwashia betri ya gari. Ukilazimika kusogea, lala kifudifudi. Akitoka mkokote, mvueni nguo zilizolowa mkiwa ndani ya gari lenye joto, mfunikeni. Msimsugue mikono wala miguu, na pombe asipewe. Chai ya moto yenye sukari nyingi sawa, kama anajua jina lake na anameza vizuri. Kisha hospitali, hata akisema yuko salama. Mimi nilisema hivyo nikiwa siwezi kufungua kifungo.

Umeuliza kuhusu kulia. Barafu inalia, tena sana. Jioni baridi ikizidi inajikunja, asubuhi jua likipanda inajinyoosha, na utasikia ngurumo inapita chini ya miguu yako kutoka ufuko huu mpaka ule, au mlio kama wa mjeledi. Siku ya kwanza nilidondosha kikombe cha chai. Barafu nene ndiyo inayonguruma vizuri. Usiikimbie, kukimbia kunapiga barafu kwa nguvu mara kadhaa kuliko kusimama. Cha kuogopa ni kinachoonekana: ufa unaotoa maji, barafu inayobonyea ukitembea, maji yanayopanda kwenye tundu lako na kumwagika juu. Hilo la mwisho lina maana kwamba sakafu inazama chini ya uzito wenu. Msisimame wote mahali pamoja kumpiga picha aliyepata samaki. Tawanyikeni.

Kuhusu gari sitasema mengi kwa sababu jibu ni usipande, msimu huu wote. Lakini najua iko siku Januari utashawishika. Basi dirisha lako liwe wazi, mkanda umefunguliwa, mwendo wa polepole kuliko unavyoona inafaa. Gari linasukuma wimbi la maji chini ya barafu, na likienda kasi wimbi hilo linagonga karibu na ufuko na kupasua barafu kutoka chini. Hapo hapo pa kuingilia na kutokea ndipo wengi wanapozama, mita chache kutoka mchangani. Mkisimama, magari yakae mbalimbali, kama mita 15, toboa tundu pembeni uone kama maji yanamwagika, na mhamishe gari kila baada ya saa mbili hivi. Gari likizama, sheria ya Minnesota inampa mwenyewe siku 30 kulitoa, na gharama ya kulitoa anaijua aliyewahi kulipa.

Watoto wapeleke mwishoni mwa Januari, barafu uliyopima mwenyewe ikiwa na inchi 8 au zaidi, siku isiyo na upepo. Wote wawili jaketi za kuokolea mwilini, si garini. Yule wa miaka 5 mshike mkono mpaka mfike. Tundu la keekee ya inchi 8 linameza mguu wa mtoto mpaka pajani, kwa hiyo matundu ya zamani yafunikeni au simikeni kijiti chenye kitambaa. Jinzi wasivae, pamba ikilowa haikauki na inanyonya joto. Sufi au nguo za sintetiki ndani, sweta, kisha kitu kisichopitisha upepo, na soksi zisibane. Viatu muwekee kila mmoja njumu za mpira zinazovishwa juu, pamoja na wewe. Kifundo cha mkono ni rahisi kukivunja juu ya kioo kile. Mtoto akiacha kulalamika baridi ghafla na kuanza kusinzia, safari imekwisha.

Kuna hatari moja ambayo wageni wetu wanaielewa kuliko wenyeji. Mtajifungia ndani ya kibanda cha turubai na hita ya gesi, upepo unavuma nje, na mtu atataka kuziba kila upenyo. Ni jiko la mkaa lile lile linaloondoka na familia nzima usiku wa baridi ya Julai, kwenye chumba kilichofungwa, Nairobi au Mbeya. Hewa ya sumu haina harufu. Acheni upenyo juu na upenyo chini, ninginizeni king'ora cha kunasa hewa hiyo, hita izimwe mkisinzia, na kichwa kikianza kuuma au mtu akitaka kutapika, tokeni nje kwanza ndipo mjadiliane.

Rafiki yako atakuwa na kreti ya bia. Sikuhukumu kwa unachokunywa nyumbani kwako, ila pombe inafungua mishipa ya ngozi, unahisi joto huku joto linatoka. Nimewahi kukataa bia mara tatu ndani ya saa moja na bado nikaalikwa tena. Chukua chupa ya chai ya tangawizi, wataipenda.

Leseni ya uvuvi ni lazima kwako, kuanzia miaka 16. Majira haya unaruhusiwa mishipi 2 badala ya 1 ya kiangazi, na tundu lisizidi inchi 12. Bwana Samaki wa huku anavaa sare, ana bunduki, anakuja na pikipiki ya theluji, na ni mstaarabu ukiwa na karatasi yako.

Sasa, kabla ya Jumamosi, muulize huyo mwenzako: mara ya mwisho alipima lini, alipima wapi, na mtaimbo anao? Akikuonyesha mtaimbo, nenda naye. Akikwambia "tutaona tukifika, watu wako juu tayari", mwambie utakwenda naye Januari.

Simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, ndani ya mfuko wa plastiki usioingiza maji. Baridi inamaliza betri haraka kuliko mazungumzo. Jua linazama saa 10 na nusu jioni siku hizo, kwa hiyo saa 10 muwe mnafungasha. Na umwachie Mama Neema karatasi kwenye friji: jina la ziwa, maana kuna maziwa kadhaa ya jina moja jimboni, jina la mahali mlipoingilia, aina ya gari la mwenzako na namba yake ya simu. Saa 11 ikipita hujapokea simu, apige 911. Kiingereza kikimkwama aseme neno moja tu, "Swahili", wataleta mkalimani kwenye laini. Mwambie na mimi namsalimu.